Bima ya kuzamia: nani analipa boti ya uokoaji, na nani analipa ndege ya mgonjwa?

kaskazi_daivu (mwanzisha uzi)

Wakuu wa bahari, na nyinyi watu wa bima mliojificha humu, salaam.

Mgeni anafika kituoni, anaonesha kadi ya bima, tunaandika namba kwenye fomu, tunaingia majini. Kadi imeandikwa "dharura" na "usafiri wa mgonjwa", basi kila mtu ametulia. Sasa mtu akichukuliwa na mkondo pale Leven Bank, au akipanda juu mguu mmoja umekufa ganzi, bima hiyo inalipa nini hasa? Boti ya kumtafuta? Boti ya kumkimbiza pwani? Gari? Chemba ya presha ya kutibia wazamiaji? Ndege? Huku Nungwi kila kituo kina jibu lake. Naomba majibu yenye vifungu, "inategemea" nimeshaichoka.

dawati_la_madai

Inategemea, mkuu. Ila ngoja niseme inategemea nini.

Kuna safari tatu ambazo watu wanaziita kwa jina moja. Kwanza ni kutoka majini hadi nchi kavu, yaani kutafutwa na kuokolewa. Pili ni kutoka nchi kavu hadi penye tiba inayofaa, yaani usafirishaji wa dharura wa mgonjwa. Tatu ni kutoka hospitali hadi kwao, akiwa hai au, Mungu apishe mbali, akiwa maiti. Kwenye mkataba hivyo ni vipengele vitatu, kila kimoja na kima chake cha juu, na kimoja kinaweza kuwa sifuri. Neno "uokoaji" kwenye tangazo halina uzito wowote. Fungua jedwali la mafao utafute mistari mitatu. Ukikuta miwili, ujue safari mojawapo ni juu yako.

Safari ya pili ndiyo bima nyingi za kuzamia zinayo. Ya kwanza ndiyo inayokosekana sana, au imepewa kima kidogo mno ukilinganisha na ya pili.

Kifungu chenyewe huwa kimeandikwa takriban hivi: "Kampuni italipa gharama za usafiri wa dharura zilizo za lazima kitabibu, zilizoidhinishwa mapema na Kituo cha Msaada, hadi hospitali ya karibu yenye uwezo wa kumtibu mwenye bima." Kisome taratibu.

"Za lazima kitabibu": anayeamua ni daktari wa bima akishauriana na daktari aliye na mgonjwa. Nahodha haamui, mume wa mgonjwa haamui, meneja wa hoteli ndiyo kabisa.

"Zilizoidhinishwa mapema": madai mengi hufia hapa. Ukikodi ndege kwa hofu, ukalipa kwa kadi yako halafu ukaja na risiti, kampuni ina mlango wa kukataa zote. Si lazima wakatae, lakini mlango umewaachia mwenyewe.

"Ya karibu yenye uwezo": si hospitali uipendayo, wala si kwenu Munich. Na kwa ugonjwa wa viputo, yaani viputo vya gesi vinavyojitokeza mwilini mzamiaji akipanda juu, mwenye uwezo ni yule mwenye chemba ya presha inayofanya kazi siku hiyo. Ghorofa nyingi si uwezo.

Kuhusu DAN (Divers Alert Network, mtandao wa usalama wa wazamiaji), kwa kuwa ndiyo kadi mnayoiona zaidi: ilianzia Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka 1980, na leo si kampuni moja. Kuna DAN ya Marekani, ya Ulaya, ya Kusini mwa Afrika, kila moja na masharti yake. Ile ya Marekani uanachama wake umekuwa ukibeba usafirishaji wa mgonjwa aliye mbali na kwake kuanzia maili 50, lakini bima ya kutibu ajali ya kuzamia inanunuliwa kando. Kwa hiyo mgeni anaweza kukuonesha kadi halali kabisa inayomfikisha mlangoni pa chemba na isimlipie chemba yenyewe. Usiulize "una DAN?" Uliza "ya wapi, na mpango gani?"

nahodha_wa_misali

Hiyo safari ya kwanza mniachie mimi.

Roho ya mtu baharini haidaiwi. Mkataba wa kimataifa wa 1989 kuhusu uokoaji wa mali baharini, ibara ya 16, unasema waziwazi kwamba aliyeokolewa hadaiwi ujira. Ndiyo maana wengine wanasema kipengele cha kutafutwa ni kuuziwa upepo.

Si upepo. Vyombo vya serikali ni vichache na bahari ni kubwa. Anayetafuta saa ya kwanza ni boti yako mwenyewe, boti ya kituo jirani, na wavuvi wa ngalawa utakaowapungia mkono. Injini mbili za nguvu-farasi 40 zikikimbizwa zinakunywa lita 30 na zaidi kwa saa. Zidisha kwa boti tatu na saa tano, uone. Hapo ndipo kipengele cha kutafutwa kinapofaa, na bima itakayokubali kulipa itataka ushahidi: mamlaka zilitaarifiwa saa ngapi, boti ipi ilitoka saa ngapi na kurudi saa ngapi, na risiti za mafuta. "Tulizunguka sana" haina risiti.

Kutaarifu ni hivi. Redio ya VHF chaneli 16 kwanza, kwa sababu meli na boti zote za karibu zinakusikia kwa mara moja. Unguja na Pemba wapigie KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo. Tanzania kituo cha uratibu wa uokoaji kiko Dar es Salaam chini ya TASAC, shirika la uwakala wa meli. Kenya ni kile cha Mombasa kilichofunguliwa 2006. Namba zao zibandikwe kwenye usukani, si ofisini.

Uwe na majibu manne mdomoni: sehemu ya GPS walipoingia majini, saa walipoonekana mara ya mwisho, mkondo unaelekea wapi, na watu wangapi. Mkondo wa noti 2 (maili 2 za baharini kwa saa) unamchukua mtu karibu kilomita 3.7 kwa saa. Ukichelewa nusu saa "kuangalia kwanza", eneo la kutafuta limeshakua mara kadhaa.

Na mzamiaji naye awe na boya lake la kusimamisha juu ya maji, filimbi, kioo na tochi. Vile vidude vya kuita satelaiti kwa masafa ya 406 MHz vinauzwa, na vingine vinaingia kwenye kopo lisilopitisha maji. Bei yake ni ndogo kuliko mafuta ya siku moja ya kutafuta.

presha18

Nitajibu safari ya pili kwa upande wa tiba, maana hapa pwani yetu ina tatizo ambalo fomu ya Ulaya haijalifikiria.

Ndege ya wagonjwa Afrika Mashariki kwa wengi maana yake ni AMREF Flying Doctors, walioanza 1957 na wako uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Kwa mgonjwa wa moyo au aliyevunjika, kwenda Nairobi ni sawa. Kwa mwenye viputo, fikirieni: Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hata ndege ikipigwa presha ya usawa wa bahari njia nzima, mlango ukifunguliwa mgonjwa yuko mlimani. Viputo vinakua presha ya nje ikishuka. Kwa hiyo anayepanga safari inampasa aulize chemba ya pwani kwanza, Nairobi baadaye.

Ndege ya kawaida ya abiria ikiwa juu, presha ya ndani ni sawa na kukaa mita 1,800 hadi 2,400. Mgonjwa wa viputo hapandi hiyo. Anasafirishwa kwenye ndege iliyowekwa presha ya usawa wa bahari, au chombo kinachoruka chini ya mita 300. Zile Cessna Caravan zinazokwenda Mafia na Pemba hazina presha ya ndani kabisa. Zinafaa tu rubani akiweza kukaa chini hivyo njia nzima, na hilo anaamua yeye, hali ya hewa na waongoza ndege. Ndege kubwa yenye presha ikipunguza mwinuko ili kuweka presha ya bahari inakula mafuta zaidi na gharama inapanda. Simuni, mwambieni mtu wa bima neno hili kwa sauti: "usawa wa bahari". Asipoandika, anaweza kutuma ndege isiyofaa.

Mara nyingi boti ndiyo bora kuliko ndege. Bahari haina mwinuko.

Lakini boti inataka oksijeni, na hapa vituo vingi vinajidanganya. Mgonjwa apewe oksijeni safi lita 15 kwa dakika kwa barakoa yenye mfuko. Mtungi wa lita 2 ukiwa na baa 200 una lita 400, yaani dakika 26. Kutoka kisiwa cha Misali, Pemba, hadi chemba ya Matemwe, Unguja, ukikadiria saa 2 na nusu, unahitaji lita 2,250. Hata mtungi wa lita 10 uliojaa baa 200 haufiki. Regyuleta inayotoa oksijeni pale tu mgonjwa anapovuta pumzi inapunguza matumizi kama mgonjwa ana fahamu na barakoa imembana vizuri usoni. Hiyo oksijeni hailipwi na bima ya mgeni wakati wa tukio. Ni mali ya kituo.

Alale chali, asikalishwe, asitembezwe kuangaliwa "kama mguu umerudi". Maji anywe kidogo kidogo akiwa na fahamu na hatapiki. Asirudishwe majini kujitibu. Oksijeni isikatwe kwa sababu amepata nafuu. Nafuu ya oksijeni inadanganya, na bima nayo inaweza kuambiwa "amepona" ikafunga faili.

mwatamu

Huku Kenya chemba inayotajwa ni ya Jeshi la Wanamaji pale Mtongwe. Ni ya jeshi, kwa hivyo hauingii getini na mgonjwa ukapiga honi. Daktari au kituo cha msaada cha bima kinaomba nafasi kwanza.

Aliye Diani ana bahati: Mtongwe iko upande wa kusini, hahitaji kuvuka feri ya Likoni. Aliye Watamu au Malindi ana zaidi ya kilomita 100 hadi Mombasa, halafu avuke kwa feri au azunguke Dongo Kundu. Barabara yote iko chini karibu na bahari, kwa hivyo ambulansi yenye oksijeni ya kutosha inashinda ndege. Gharama ya ambulansi ya barabarani inaingia kwenye safari ya pili, lakini iulizwe kwa simu hiyo hiyo moja. Wengine wanaomba idhini ya ndege wakasahau gari.

kaskazi_daivu

Mkuu presha18, na ya Matemwe?

presha18

Ndiyo ya kwanza kupigiwa kwa Unguja, Pemba na hata Mafia. Lakini kuwepo na kuwa tayari ni mambo mawili: fundi yupo? umeme upo? oksijeni ya kutosha ipo? kuna mgonjwa mwingine ndani? Tiba ya kawaida, ile jedwali namba 6 la wanamaji wa Marekani, inaanzia presha ya mita 18 na inachukua saa 4 na dakika 45 bila nyongeza. Akiwa ametangulia mwingine, wewe unasubiri. Pigeni simu kila mwanzo wa msimu, na tena siku ya tukio kabla ya kung'oa nanga.

mzee_wa_risiti

Mnawatisha watu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analipa dola 44 za bima ya ZIC, shirika la bima la Zanzibar, siku 92. Ina dharura za matibabu na usafirishaji. Kwa nini alipie mara mbili?

dawati_la_madai

Kwa sababu ile ni bima ya msafiri, si bima ya mzamiaji, mzee wangu. Sisemi hailipi. Nasema mkononi uwe na mkataba wake, ufungue sehemu ya yasiyolipwa, uangalie kuzamia kwa mitungi kumeandikwaje: kumekubaliwa, kumekatazwa, au kumewekewa kina. Kama hakuna jibu kwenye karatasi, liombe kwa barua pepe kabla mtu hajashuka majini. Jibu la kaunta halina sahihi.

Na hili ni kwa bima zote za wasafiri, ziwe za benki, za kadi ya malipo, au za kwao Ulaya. Zinakata watu kwa mambo haya:

Kina. Nyingi zinaishia mita 30. Kompyuta ikionesha 33.2, hata kama ni kwa sekunde kumi kufuata kobe, imeshaandika. Na wengine hawaandiki kina bali wanasema "ndani ya mipaka ya cheti chako". Mwenye Open Water, cheti cha kwanza cha kuzamia, ni mita 18, basi safari ya mita 25 kwenye ukuta wa matumbawe wa Mnemba imemtoa nje ya bima ingawa 30 haikufika.

Kuzamia peke yake. Pombe. Ugonjwa uliofichwa kwenye fomu ya afya. Aliyetia "hapana" kwenye pumu ndiye huyo huyo atakayemwambia daktari ukweli akiwa kwenye chemba, na daktari ataandika.

Kupanda ndege mapema. Mwongozo unaotumika ni saa 12 baada ya kuzamia mara moja bila kusimama njiani kupunguza presha, saa 18 kwa aliyezamia mara kadhaa au siku kadhaa, na zaidi ya hapo kwa waliosimama. Mikataba mingine imeandika 24 kabisa.

Kuna jambo jingine halisemwi sana: bima ya pili. Baadhi ya mipango, ikiwemo ile ya ajali ya kuzamia ya DAN ya Marekani, inalipa baada ya bima ya afya ya kawaida ya mtu kulipa sehemu yake. Hospitali hapa haisubiri kampuni mbili zibishane. Kwa hiyo kinachotakiwa siku ile ni barua ya dhamana ya malipo kutoka kwa kituo cha msaada kwenda kwa hospitali au chemba. Iombe kwa jina hilo hilo.

chole_daivumasta

Na sisi tunaozamia kwa mshahara? Wageni wanalindwa, daivu masta je?

dawati_la_madai

Mipango ya watalii mingi haimgusi anayezamia kwa ujira. DAN ya Ulaya, kwa mfano, ina mipango ya wataalamu tofauti na ya wapenda michezo. Angalia umeandikishwa upande gani, maana kuna waajiri wanaonunua ule wa bei rahisi.

Wewe uko Mafia, yaani Tanzania Bara, kwa hiyo mwajiri wako anatakiwa awe amesajiliwa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na anachangia. Ile ni fidia ya kuumia kazini na inadaiwa kwa mwajiri kutoa taarifa, si kwa kupiga simu ikaja ndege. Usiitegemee kwa safari ya saa ya kwanza. Unguja na Pemba WCF haifiki.

Wanaopiga mbizi kwa kompresa kutafuta majongoo bahari hawako kwenye bima yoyote ya michezo. Hilo ni pengo kubwa kuliko yote ya uzi huu na sina dawa yake.

kaskazi_daivu

Basi tuandike simu yenyewe inavyopigwa. Nataka kuibandika ukutani.

dawati_la_madai

Mpangilio kwanza: oksijeni, halafu msaada wa karibu, halafu bima. Kadi nzuri zenyewe zimeandika hivyo. Hakuna kampuni inayotaka usubiri idhini ndipo umtoe mtu majini au umpeleke zahanati ya karibu. Idhini inahitajika kwa chombo cha gharama.

Simu isipigwe na mgonjwa wala na anayemshikia barakoa. Mtu mmoja mwenye chaji na salio. Sema:

"Ajali ya kuzamia. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya uanachama. Tuko hapa, namba ya kurudisha simu ni hii. Amezamia mara ngapi leo, kina, dakika, mapumziko juu ya maji, hewa ya kawaida au naitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni). Dalili zimeanza saa fulani. Yuko kwenye oksijeni tangu saa fulani, tuna oksijeni ya dakika kadhaa. Chemba tuliyoipigia imesema hivi. Tunaomba idhini ya usafiri na barua ya dhamana."

Kabla ya kukata: namba ya kesi, jina la uliyeongea naye, saa. Halafu tuma ujumbe wa maandishi au barua pepe ukirudia yaliyokubaliwa. Idhini ya mdomo bila namba ya kesi ni maneno ya barazani.

Kompyuta ya kuzamia isizimwe wala kutolewa betri, iende na mgonjwa. Pasipoti iende naye pia. Imeshatokea safari kusimama kwa sababu ya kitabu kilichobaki kwenye sefu ya hoteli. Mtungi na regyuleta viwekwe kando kama vilivyo, valvu ifungwe na mizunguko ihesabiwe na kuandikwa. Na muulize nani anasafiri naye: kiti cha mwenzake mara nyingi hakimo hadi kiidhinishwe kwa jina.

nahodha_wa_misali

Ongezeni: kiwanja mnachokwenda kina taa usiku? Dalili nyingi zinatoka jioni baada ya daivu ya mchana. Idhini ya ndege inayofika saa 1 usiku kwa kiwanja kisicho na taa ni idhini ya kesho asubuhi.

mwatamu

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mgeni amemaliza kuzamia, amepanda basi kwenda safari ya wanyama, dalili zinamtokea Arusha. Bado ni ajali ya kuzamia?

presha18

Kitabibu ni ndiyo. Mwongozo wa wanamaji wa Marekani unaonesha dalili kutokea ndani ya saa 1 kwa 42 kati ya 100, ndani ya saa 8 kwa 83, na ndani ya saa 24 kwa 98. Arusha iko kama mita 1,400, na ukingo wa Ngorongoro unafika 2,300 hivi, sawasawa na ndani ya ndege ya abiria. Kwa hiyo kupanda huko siku ya pili ni kama kupanda ndege, hata kama ni kwa gari.

Asiendelee na safari kupanda juu. Oksijeni kutoka hospitali yoyote, simu ya bima kutoka hapo hapo, na muda wa dalili uandikwe vile ulivyo, bila kuusogeza ili uonekane mzuri kwa bima. Barabara ya Arusha kwenda Moshi, Same, Korogwe hadi Tanga inashuka kwa jumla, ila ni ndefu, na daktari wa kituo cha msaada ndiye atakayepima kati yake na ndege yenye presha ya usawa wa bahari kutoka uwanja wa Kilimanjaro, ambao uko chini ya mita 900.

dawati_la_madai

Na kimkataba ni ndiyo pia, ilimradi bima ilikuwa hai siku aliyozamia na alitoa taarifa mara dalili zilipoanza. Aliyenyamaza siku nne akitumia dawa za maumivu, akapiga simu akiwa amesharuka hadi kwao, huyo ndiye ataulizwa maswali mengi.